Amplifaya ya Ndola

SEHEMU YA KUMI NA MOJA

Haya, tulieni. Barua zenu nimezipata. Msomaji mmoja wa Tukuyu ameniandikia kurasa mbili za lawama kwa sababu nilimwacha Isaya amesimama mlangoni kwa fundi, pale Lyulilo, mdomo wazi, wiki nzima. Ndugu yangu, hata Isaya mwenyewe miguu ilikuwa inamuuma. Twende.

Kwa aliyefungia maandazi magazeti yaliyopita, nakukumbusha kwa ufupi. Isaya ni dereva wa Mwaya, mgane mwenye Pijo 404 pikapu na binti mmoja tu, Elizabeth. Binti anaolewa Jumamosi hii. Mama yake, Rut, alifariki mwaka sabini na nane, mtoto akiwa bado ananyonya, na sauti yake imebaki kwenye kaseti moja. Kaseti hiyo Isaya huisikiliza mara moja kwa mwaka, siku aliyofariki mkewe, peke yake, vioo vya gari vimepandishwa. Hajawahi kumsikilizisha mtu. Kwa binti yake alikuwa na ahadi moja: "Siku unayotoka kwangu, mwanangu, utamsikia mama yako. Humu ndani ya gari, kwenye amplifaya yangu ya Ndola."

Mwaka huu akaharibu. Vitu vya Dubai vimejaa madukani tangu mambo yawe ruksa, naye akaingiwa na tamaa. Aliipeleka amplifaya ya Ndola kwenye duka la Muksini, Kyela mjini, akaongeza fedha kidogo, akatoka na mpya inayowaka taa za bluu. Alipotia kaseti ya Rut kwenye hiyo mpya, hakuvumilia hata nusu dakika. Tangu siku hiyo akawa anaitafuta ya zamani kila mahali, mpaka alipoambiwa iko Lyulilo kwa Dulla fundi.

Na hapo ndipo tulipoachana. Isaya alifika mlangoni akamkuta Dulla ameifungua. Kifuniko chini, bisibisi kwenye meno, na matumbo ya amplifaya yametandazwa juu ya mkeka.

"Umefanya nini?" Isaya alipiga kelele.

Dulla alitoa bisibisi mdomoni. "Shikamoo kwanza, mzee Isaya."

"Marahaba! Umefanya nini?"

"Nimekusaidia."

"Nani alikuomba?"

"Hakuna aliyeniomba," Dulla alisema, akitabasamu kama mtu anayengoja kushukuriwa. "Ami yangu Muksini alinipa hii kama chuma chakavu. Juzi akaniletea habari kwamba mwenyewe unaitafuta, hulali, huli. Nikasema basi, haiwezi kurudi kwa mwenyewe ikiwa mbovu. Marehemu baba yangu, tangu Tanga mpaka tumehamia huku, hakuwahi kumrudishia mtu kitu kibovu. Na mimi sianzi."

Mnawajua mafundi wetu. Mpelekee redio nzima akutunzie wiki moja, atakurudishia imetengenezwa. Hawezi kujizuia. Ukimlalamikia anakushangaa, anaona umekosa adabu.

Isaya aliinama.

"Ilikuwa mbovu wapi? Ilikuwa inaimba."

"Ilikuwa inaimba, ndiyo. Kitu chenyewe ni kizuri, mzee wangu, usinielewe vibaya. Ile uliyochukua kwa ami imeandikwa wati ngapi?"

"Mia tano."

"Imeandikwa. Hata mimi naweza kuandika, nipe rangi tu. Ifungue ndani, utakuta nafasi ya kufugia vifaranga. Hii yako haijaandikwa kitu. Ishike. Unaona inavyokuvuta mkono? Hiyo ni shaba na chuma. Waliotengeneza hii walikuwa watu wanaoona aibu."

"Sasa kama ni nzuri umeifungua ya nini?"

"Kwa sababu ya huyu hapa."

Dulla alifungua kiganja. Ndani yake kulikuwa na kitu kidogo cha kahawia, kama punje ya kakao iliyokauka, kimebaki na mguu mmoja wa waya.

"Kapasita," Dulla alisema. "Siyo ya kiwandani. Kuna fundi aliibandika, nadhani huko huko Zambia. Ulipoinunua, ilikuwa inatoa mlio wa injini kwenye spika?"

Isaya alikumbuka. "Siku ya kwanza ililia. Nikairudisha, yule bwana akaitengeneza palepale."

"Ndiyo huyo. Aliua mlio kwa hii. Mlio ukafa kweli, lakini na sauti zote nyembamba zikafa nao. Kila kilichopita hapa kilikuwa kinatoka kimefunikwa blanketi. Miaka yote hiyo, mzee, hujawahi kuisikia amplifaya yako. Sasa ndiyo utaisikia."

Alingoja ashukuriwe. Hakushukuriwa.

"Rudisha," Isaya alisema.

"Nirudishe nini?"

"Hiyo. Ibandike ulipoitoa."

"Nirudishe ubovu?"

"Dulla, rudisha kama ilivyokuwa! Sauti ya mke wangu ndiyo ilikuwa hiyo. Hiyo unayoiita blanketi!"

Dulla alimtazama, tabasamu likamwisha. Kijana ana moyo, tusimwonee. Alikitazama kile kipande kiganjani akaona mguu uliokatika.

"Haishiki tena, mzee Isaya. Imenikatikia nilipoitoa. Na yenye namba hii sina. Labda Mbeya."

"Leo Alhamisi."

"Najua."

"Harusi Jumamosi."

"Najua, mzee wangu. Nimekukosea. Sikujua."

Isaya alikaa chini, pale pale mlangoni, mtu mzima wa miaka arobaini na sita, akalia. Mama mmoja wa Kikisi aliyekuwa akipanga vyungu vyake nje aliacha kazi akamtazama, kisha akageuza uso ili kumwachia heshima yake. Isaya hakujali. Mara moja alimpoteza Rut bila kumwona, na sasa alikuwa amempoteza mara ya pili kwa sababu ya taa za bluu.

Dulla alifunga kifuniko kimya kimya. Akaing'oa ile ya Dubai garini, akaifunga ya Ndola mahali pake pa zamani chini ya kiti, akaunganisha nyaya zote, na Isaya alipoingiza mkono mfukoni akamkataza.

"Jaribu kwanza kusikiliza," alisema. "Sikiliza mpaka mwisho, halafu unitukane."

"Nilishasikiliza kwenye ile mpya. Ni hivyo hivyo itakavyokuwa. Ilimfanya mke wangu kuwa na sauti ya kitoto."

Hakusikiliza. Aliwasha gari akaondoka, na kaseti imo mfukoni mwa shati, upande wa moyo.

*

Sasa tukiwa njiani, kabla hatujafika Ipinda, niwakumbushe kaseti yenyewe ilivyopatikana, maana bila hilo hamtaelewa yatakayotokea.

Mwaka ule wa sabini na nane Isaya alikuwa dereva wa kampuni huko Ndola, Zambia. Vijana wa Kyela walikuwa wengi kule, wanakaa pamoja, na barua zao zilikuwa kaseti. Mtu akitoka nyumbani, anapita kwa mama huyu na mke wa yule, anarekodi salamu. Kaseti ikifika Ndola haisikilizwi na mwenyewe peke yake. Wanakaa wote, mtu ishirini chumba kimoja, wanasikiliza kaseti ya kila mmoja kama taarifa ya habari, salamu zikiisha wanaitoa na kuweka ya mwingine. Ndiyo maana mwanamke mwenye akili hakusema la ndani kwenye kaseti. Kwenye kaseti alisema hatujambo. La ndani alimpa mbeba kaseti, kwa mdomo.

Aliyebeba kaseti ya Rut alikuwa Eliud, rafiki wa Isaya wa kuchezea matope. Redio kaseti iliyorekodi ilikuwa yake.

Mkataba wa Isaya ulikuwa umeisha. Bosi alimtaka aongeze wiki sita. Eliud alipofika na kaseti, Isaya alimuuliza habari za nyumbani, na Eliud akajibu, "Shemeji mzima, anakusalimia, anasema maliza kazi." Hivyo ndivyo Isaya alivyotusimulia katika sehemu ya nne, nami niliandika alichosema. Akaongeza wiki sita. Kwa malipo ya wiki hizo akanunua amplifaya, ili akifika Mwaya amchukue mkewe garini waisikilize kaseti pamoja, wacheke.

Alifika akakuta kaburi lina majani. Wanawake walimwambia ni homa tu, ya ghafla.

Huyo Eliud baadaye akahamia kwa wajomba zake Karonga, Malawi, akafanya biashara miaka mingi, na mwaka jana, biashara ya mpakani ilipochangamka, akarudi na mali na kijana wake Aliko. Na Aliko, kwa wale mliosahau, ndiye bwana harusi.

*

Elizabeth alikuwa uani akipeta mchele aliposikia mngurumo wa Pijo. Aliacha ungo akakimbilia njiani. Kisha akasimama ghafla, akachungulia kwanza.

"Baba, uko peke yako?"

"Niko peke yangu."

"Baba Aliko alituma mtu kwamba atapita leo kuzungumza nawe habari za Jumamosi. Nilidhani umempa lifti."

Msicheke. Kwetu binti aliyechumbiwa hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami, hamsemeshi, hapiti njia aliyopita. Tangu ng'ombe walipoletwa, Elizabeth alikuwa akimkimbia Eliud kama mtu anayekwepa mvua. Mwezi uliopita alisikia kengele ya baiskeli yake akajitupa kwenye shamba la kakao la jirani, akatoka na siafu mwili mzima. Vijana wa mjini siku hizi wanasema hayo yamepitwa. Elizabeth alilelewa na bibi yake kijijini Ngana, na bibi wa Ngana hana masihara. Kwa hiyo alijua mgongo wa baba mkwe wake, alijua kofia yake na mwavuli wake. Uso wake hakuwahi kuuona kwa karibu, na sauti yake hakuwahi kuisikia.

"Umeipata?" alimuuliza baba yake.

"Nimeipata."

"Mbona umelia?"

"Imeharibika, mwanangu. Fundi ameitengeneza."

Elizabeth hakuelewa, na nani angeelewa? Isaya alimweleza pale pale, ameshika mlango wa gari. Alimweleza habari ya kapasita, na blanketi, na Mbeya, na kwamba Ijumaa haitoshi kwenda na kurudi na kufunga.

"Nilikuahidi mama yako," alisema. "Sasa sina wa kukupa."

"Kaseti ipo?"

"Ipo."

"Basi weka, Baba."

"Haitakuwa yeye."

"Mimi simjui alivyokuwa," Elizabeth alisema taratibu. "Siwezi kujua kilichopungua. Weka hivyo hivyo."

Isaya alisita. Wasomaji wangu, alisita muda mrefu kuliko inavyostahili kwa mtu anayetimiza ahadi, na mimi wakati ule nilidhani ni huzuni. Mwishowe akaingia garini. Elizabeth akaingia upande wa pili, akafuta unga wa mchele mikononi, akakaa wima kama yuko kanisani. Isaya alitia kaseti.

Kwanza mchakacho. Kisha sauti.

"Baba Elizabeth, ugonile. Ni mimi Rut. Sisi huku hatujambo kabisa..."

Isaya alifumba macho. Ilikuwa mbaya kama alivyoogopa. Kwa miaka kumi na saba alikuwa akisikiliza sauti nzito, tulivu, ya mwanamke mtu mzima. Hii ilikuwa nyepesi, ina haraka, inakaribia kucheka.

"Siyo yeye," alisema. "Unaona? Nilikwambia. Siyo yeye, hiki ni kitoto."

Elizabeth alikuwa ameweka mkono mdomoni. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta.

"Baba."

"Nitaizima."

"Usiguse! Baba, mama alikuwa na miaka mingapi?"

Isaya alifikiri. "Ishirini na moja."

"Mimi nina kumi na nane. Sikiliza vizuri. Hiyo ni sauti yangu."

Isaya alisikiliza. Mungu wangu, ilikuwa kweli. Ni sauti ile ile iliyomwita kutoka jikoni kila asubuhi, iliyomgombeza akisahau kula, ambayo angeikosa kuanzia Jumamosi. Amplifaya ya Ndola ilikuwa imemzeesha Rut pamoja naye, mwaka kwa mwaka, akabaki na mke wa makamo wa kuzeeka naye, kumbe mkewe hakufika huko. Alikufa msichana. Hajafikisha hata umri wa kuchoka.

Alilia tena, lakini safari hii alishika mkono wa binti yake.

Rut aliendelea kuzungumza. Mpunga umeshika. Mtoto ameota jino, anamng'ata kila mtu. Watu wa Ndola wote wasalimiwe, ataje nani amwache nani. "Kama kuna kazi, baba, maliza kazi, sisi tuko salama." Elizabeth alicheka na kulia kwa pamoja aliposikia habari za jino lake.

Kisha salamu zikaisha, kikaja kimya chenye mnong'ono.

"Hapa anasali," Isaya alisema upesi. "Mwisho huu siku zote anasali kidogo, ananiombea safari. Huwa naitikia amina, natoa kaseti. Basi, imekwisha."

Alinyoosha mkono. Elizabeth aliuzuia.

"Acha amalize kusali."

Lakini blanketi lilikuwa limetolewa. Dulla fundi, aliyezaliwa na baba asiyerudisha kitu kibovu, alikuwa amefanya kazi yake vizuri. Mnong'ono ulitoka neno kwa neno.

"Umezima, shemeji?"

"Nimezima." Sauti ya mwanamume, nzito, ya kukwaruza, inayovuta maneno.

"Basi nisikilize. Hayo niliyosema ni ya watu. Mwenzako mwambie kwa mdomo wako. Damu haikatiki, huu mwezi wa pili. Maji ya kisima siwezi tena kuteka. Mama mkwe nimemficha, nimwambieje? Mwambie asiongeze hata siku moja. Mwambie, Rut amesema urudi. Utamwambia?"

"Nitamwambia kabla sijakaa chini."

"Niapie."

"Haki ya Mungu, shemeji."

"Ndaga fijo, shemeji. Asante sana."

Mlio mdogo wa kitufe. Kaseti ikazunguka tupu.

Nje kuku walikuwa wamekwisha kuuvamia ungo wa mchele na hakuna aliyewafukuza.

"Hakuwa anasali," Elizabeth alisema hatimaye.

Isaya alizima kaseti.

"Alikuwa anakuita. Alikuita, Baba. Kuna mtu aliapa." Aligeuka kumtazama. "Huyo mwanaume ni nani?"

Fikirini nafasi aliyokuwapo. Kesho kutwa binti yake anavaa gauni jeupe. Anampenda Aliko, mtaa mzima unajua anampenda, hata siafu wa kakao wanajua. Akitaja jina, harusi imekufa hapo hapo ndani ya Pijo. Asipolitaja, atamtoa binti wa Rut kwa mikono yake mwenyewe, ampeleke kwenye nyumba ya mtu yule, akampikie chakula mpaka uzeeni.

"Simjui," Isaya alisema.

"Mama amekuita mwenzake. Naye amemwita mama shemeji."

"Walikuwa wengi wanaobeba kaseti. Ni zamani. Simjui, Elizabeth."

Elizabeth alimtazama kwa muda. Kisha akainamisha kichwa, akaamini. Nasema akaamini kwa sababu hakuwahi kudanganywa na baba yake maishani, au ndivyo alivyojua. Alifungua mlango wa gari akashuka ili akauokoe mchele wa watu.

Na hapo, kutoka upande wa njia, nyuma ya ua wa matete, mtu alipiga hodi.

"Hodi hapa! Isaya! Mko?"

Sauti nzito, ya kukwaruza, inayovuta maneno.

Ule mwavuli mweusi ukaonekana juu ya ua. Kisha kofia.

Kwa desturi, hapo Elizabeth alitakiwa awe amekwisha kutoweka nyuma ya nyumba. Miguu yake ilijua njia. Hata alipiga hatua moja. Kisha akasimama. Akageuka polepole kuelekea sauti ilikotoka, akajifunua kitenge kichwani, akasubiri.

Eliud aliingia uani, akamkuta mkwe wake mtarajiwa amesimama katikati ya njia, anamtazama usoni. Alishtuka kama aliyekanyaga moto. Akarudi nyuma, akageuza uso ukutani, akajikinga kwa mwavuli.

"Isaya!" aliita. "Isaya, mwite mwanao! Kuna nini hapa? Mwondoe mtoto njiani!"

Isaya hakutoka garini.

"Baba mkwe," Elizabeth alisema. Sauti yake ilikuwa nyepesi, ina haraka, na mwavuli wa Eliud ukaanza kutikisika, kwa sababu sauti hiyo aliwahi kuisikia. "Najua siruhusiwi. Nitalipa faini yoyote mtakayonitoza. Mama yangu alikupa neno umpelekee baba. Ukaapa."

Elizabeth alinyoosha mkono kuelekea Pijo.

"Baba yuko pale kwenye gari. Amelingoja miaka kumi na saba. Mpelekee."

Eliud alishusha mwavuli taratibu. Uso wake alikuwa bado ameuelekeza ukutani, maana hata katika saa ile mzee alishika desturi. Alipozungumza, hakuwa na hasira hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyomtisha Elizabeth.

"Nilimpelekea, mwanangu," alisema. "Nilimwambia kabla sijakaa chini, kama nilivyomwapia mama yako. Muulize baba yako alinijibu nini."

Elizabeth aligeuka kutazama gari.

Isaya alikuwa ameinama juu ya usukani. Hakusema kwamba ni uongo. Mkono wake ulikuwa unapapasa chini, kwenye amplifaya, unatafuta mahali ilipokuwa ile kapasita.